Miche inayongoja mvua ya Novemba
Ukambani, kazi ya kitalu huanza wakati mawingu yamekwisha kwenda zao

Msomaji, hebu fikiria asubuhi ya mwezi wa Julai. Wewe uliye Nairobi umetafuta sweta yako nzito, mawingu yametanda kutoka Ngong hadi Kasarani na watoto wanakataa katakata kutoka chini ya blanketi. Unaisubiri chai kwa hamu.

Kitui pia kuna baridi wakati huo. Alfajiri upepo hukata masikio, na ukipanda milima ya Mbooni au Kilungu kule Makueni utakuta ukungu umefunika barabara hata dereva wa matatu anawasha taa. Lakini baridi ya Ukambani haina faida kubwa kwa mkulima. Ni baridi kavu. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa Mei, ikiwa ilinyesha kweli, na nyingine haitarajiwi hadi mwisho wa Oktoba au Novemba. Mahindi yamekwisha kuvunwa au kukauka shambani. Majembe yameegeshwa ukutani.

Basi huo, usistaajabu, ndio wakati mwenye kitalu cha miche anapoanza kazi yake.

Nilipoambiwa jambo hili kwa mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aoteshe miti wakati wa ukame? Mbona asingoje mvua ije, asie mbegu zake kama wenzake wanaopanda mbaazi na kunde?

Jibu ni rahisi, na ukilielewa umeielewa kazi yote. Mti unaopandwa katika nchi kavu hauna budi kuingia ardhini mvua zinapoanza tu, ili mizizi iende chini kabla ya jua la Januari na Februari. Ukichelewa wiki tatu umechelewa mwaka. Na mche, kabla ya kufaa kupandwa, unahitaji miezi mitatu au minne kitaluni. Sasa rudi nyuma kutoka Novemba, uhesabu kwa vidole: Oktoba, Septemba, Agosti, Julai. Utoto wote wa mche huo ni kiangazi kitupu. Ni kama mtoto aliyezaliwa mwezi wa njaa.

Kwa wakazi wa Kitui na Makueni, mvua hii ya mwisho wa mwaka ndiyo ya kutegemewa zaidi. Ile ya Machi hadi Mei ambayo huko kwenu mnaiita ya masika, Ukambani mara nyingi huja kupiga hodi na kuondoka bila kuingia ndani. Kwa hivyo mwenye kitalu huweka karibu mali yake yote kwenye msimu mmoja. Karo ya Januari imo humo.

Kokwa iliyotemwa na mbuzi

Nikikuuliza ni mti gani unaopendwa na wakulima wa sehemu hizi, huenda ukataja mwembe. Hukukosea, na mwembe tutaufikia. Lakini kuna mti mwingine ambao watu wengi wa mjini hawaujui hata kwa jina, ilhali huenda wameukalia. Ni mukau. Wataalamu huuita Melia volkensii.

Mukau ni mti wa nchi kavu za Afrika Mashariki. Hukua haraka kuliko miti mingi ya huko, na baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano unaweza kupasuliwa mbao. Mbao zake ni nyekundu kahawia, mchwa hawazipendi, na fundi wa samani aliyeizoea kazi yake huzilinganisha na mahogani. Wazee walichonga mizinga ya nyuki kwa gogo lake. Majani yake ni chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Sasa mti wenye sifa hizi, mbona haukujaa kila mahali?

Tatizo ni kokwa. Tunda la mukau hufanana na zeituni, na ndani yake mna kokwa ngumu kama jiwe. Mbegu zenyewe, ndogo na nyembamba, zimejificha humo. Ukiizika kokwa nzima utangoja hadi uchoke. Kwa miaka mingi wakulima walitegemea mbuzi: mbuzi hula tunda, na usiku anapocheua hutema kokwa zizini. Asubuhi watoto huziokota kwenye samadi. Baadhi ya kokwa hizo ziliota na nyingi zikakataa. Wengine walijaribu kuzipitishia moto wa nyasi. Ilikuwa bahati nasibu.

Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, ambayo ilianzishwa 1986, ina kituo mjini Kitui na kingine Kibwezi, Makueni. Kwa miaka mingi imefanya kazi sehemu hizi pamoja na Wajapani wa shirika la JICA, na mukau ndio mti waliouhangaikia zaidi. Njia waliyowafundisha wakulima ni ya uvumilivu. Kokwa huwekwa juu ya kigogo cha mbao na kupasuliwa kwa kisu na nyundo, pole pole, ili kiini kisipondeke. Kila mbegu hutolewa kwa mkono. Ncha yake hukatwa kidogo, au ngozi yake ikachanjwa kwa wembe, kisha inalowekwa majini usiku kucha. Baadaye husiwa katika mchanga safi uliopikwa au kukaangwa kuua viini vya magonjwa, na kitalu hufunikwa kwa karatasi ya nailoni.

Fikiria mbegu elfu tano, msomaji, moja moja, kwa wembe. Ndiyo maana kazi hii mara nyingi hufanywa na kikundi. Kina mama huketi chini ya mti, kila mmoja na kigogo chake, na masaa yanapita kwa hadithi. Wakamba wana neno la kazi ya namna hii ya kusaidiana, mwethya, nalo ni la zamani kuliko shirika lolote lililokuja na gari lenye nembo mlangoni.

Kuanzia 2012 KEFRI na JICA walianza pia kuchagua mikau bora kutoka pembe mbalimbali za nchi kavu na kuipanda pamoja huko Tiva, Kitui, na Kibwezi, ili mbegu zitokane na wazazi walionyooka na kustahimili ukame. Lakini mbegu hata iwe na ukoo mzuri namna gani, bado inahitaji mtu wa kuinywesha maji mwezi wa Septemba.

Baridi kwanza, kisha jua

Wageni wengi hudhani adui wa kitalu cha Ukambani ni jua peke yake. Wenye vitalu watakucheka. Adui wa kwanza ni hii baridi ya Julai tuliyoanza nayo.

Mbegu ya mukau hutaka joto. Mchanga ukipoa usiku, mbegu hulala tu, na mbegu inayolala ndani ya unyevu huoza. Hiyo karatasi ya nailoni juu ya kitalu kumbe ndiyo blanketi lake: mchana hunasa joto la jua dogo lililopo, usiku huzuia lisipotee lote. Hata hivyo blanketi hilo lina hila zake. Likifungwa wakati wote, hewa ndani huwa nzito na maji hutiririka juu ya karatasi, na hapo huzuka ule ugonjwa wa kuoza shina. Jioni unaacha vichipukizi vimesimama wima kama askari. Asubuhi vimelala chali, shina limenyauka pale linapogusa udongo. Havifufuki. Kwa hivyo mwenye kitalu hufunua mchana kidogo, hufunika jioni, hupapasa mchanga kwa kidole, hunusa. Ni kazi inayofanana sana na kulea mtoto mwenye kifua.

Miembe nayo ina mambo yake. Makueni inasifika kwa maembe, na miembe inayouzwa huko si ile iliyoota yenyewe nyuma ya jikoni. Mwenye kitalu husia kokwa za embe la kienyeji baada ya mavuno ya mwanzo wa mwaka, zingali mbichi kwa sababu kokwa ya embe haichukui muda kufa. Mche ukifikia unene wa penseli, hukatwa na kuunganishwa na kijiti kilichotoka kwenye mwembe wa aina inayotakikana sokoni: Apple, Ngowe, Kent au Tommy Atkins. Sehemu mbili hufungwa kwa utepe wa nailoni hadi zishikane.

Kushikana huko hutaka utomvu unaotembea, na utomvu hautembei vizuri katika baridi. Wajuzi wa kazi hii hawapendi kuunganisha mwezi wa Julai. Hungoja joto lirudi. Lakini joto likirudi maji nayo yanapungua. Ukikwepa jembe unakutana na mpini.

Mwishoni mwa Agosti mambo hugeuka ghafla. Ukungu wa Mbooni unaondoka. Jua la Septemba na Oktoba Ukambani halina mchezo, na upepo hubeba vumbi jekundu linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Miche iliyokuwa ikilindwa isipoe sasa inalindwa isiungue. Vichanja hujengwa juu ya vitalu kwa fito na nyasi, au kwa wavu wa kivuli kwa wale wenye uwezo. Wengine huchimba kitalu kiingie chini ya usawa wa ardhi, kina cha mfuko wa mche, ili upepo upite juu na maji yanayomwagika yasikimbie. Ni ujanja mdogo usiogharimu kitu ila jasho.

Hesabu ya punda

Sasa tuje kwenye maji. Chukua kalamu, na kama una mtoto wa shule hapo karibu mwite akusaidie.

Tuseme kila mche unakunywa mililita 50 kwa siku, yaani kama vijiko kumi vya chai. Si vingi. Miche 1,000 itakunywa lita 50, ambazo ni mitungi miwili na nusu ya lita 20. Kikundi chenye miche 5,000 kitahitaji lita 250, nayo ni mitungi kumi na miwili na nusu. Punda mmoja hubeba mitungi minne. Hizo ni safari tatu na bado kuna nusu mtungi ya kubebwa mgongoni kwa kamba ya paji la uso, jinsi kina mama wa huko wanavyobeba.

Ikiwa mto uko kilomita tatu, kwenda na kurudi ni sita. Mara tatu, kumi na nane. Kila siku, kutoka mwanzo wa Agosti hadi mwisho wa Oktoba, karibu siku tisini. Lita 22,500 kwa jumla, na hapo hatujahesabu maji ya watu, ya mbuzi, wala ya punda mwenyewe ambaye naye ana haki yake. Isitoshe, siku za joto kali miche hutaka maji asubuhi na jioni.

Na mama atachagua nini mtungi ukibaki mmoja? Usidhani ni swali la mtihani. Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni ni swali la kila Oktoba. Kitalu hunyweshwa maji yaliyooshea vyombo na yale yaliyonawia mikono. Pengine mche hupewa maji siku baada ya siku badala ya kila siku, na mwenye kitalu huifanya miche iliyo dhaifu ife ili iliyo imara iishi. Sikujua kama kuna mtu anayeweza kuchagua hivyo bila moyo kumuuma.

Hata hivyo kiu kidogo si adui wakati wote. Wiki chache kabla ya mvua, mwenye kitalu hupunguza maji makusudi na kuondoa kivuli kidogo kidogo. Miche inazoezwa. Ile iliyodekezwa kwa maji na kivuli hadi siku ya mwisho, ikipelekwa shambani hunyauka kabla ya wiki kwisha.

Mchanga unaokunywa mvua

Ukisafiri Ukambani wakati wa kiangazi utavuka daraja juu ya mto ambao ni mchanga mtupu. Tiva, Nzeeu, Thua, Kaiti, yote hiyo hukauka juu. Mgeni husema mto umekufa. Mwenyeji huchukua bakuli, huchimba, na baada ya muda mfupi maji safi huanza kujaa shimoni.

Hapo ndipo ilipo siri ya vitalu vingi vilivyofaulu. Wazo ni kujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto mahali penye mwamba. Mvua ikija mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe zake. Jua haliyafikii kirahisi na mbu hawapati pa kuzalia. Kumbe mchanga ni tangi.

Mabwawa ya mchanga si mapya, mengine yalijengwa wakati wa mkoloni. Lakini yalienea kwa nguvu za wenyeji. Upande wa Machakos, Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianza kujipanga 1978. Kitui kuna shirika la SASOL, lililoanzishwa 1990, ambalo pamoja na vikundi vya wanavijiji limejenga mamia ya kuta za namna hii mtoni. Wanavijiji hubeba mawe na kuchanganya saruji, na faida wanaiona kwa macho: penye bwawa la mchanga, zile kilomita tatu za punda hupungua zikawa mita mia chache, na kando ya mto huota sukuma wiki, nyanya na, bila shaka, vitalu.

Lakini mchanga huohuo unatakikana Nairobi. Ile ghorofa unayoiona ikijengwa karibu na kwako, msomaji, yaelekea ina mchanga wa Ukambani ndani yake. Malori huingia mtoni usiku, hupakia na kuondoka, na mto uliochotwa mchanga hauna tena mahali pa kuficha maji. Ugomvi wa mchanga umegharimu hata maisha ya watu. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga 2015. Kitui, gavana wa wakati huo Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya mchanga na makaa mapema 2018. Huku mjini tulilalamika kuhusu bei. Wachache waliuliza kitalu cha nani kimepona.

Wezi wadogo wadogo

Sitakuchosha kwa orodha ndefu ya maadui wengine, ila usidhani maji yakipatikana shida imekwisha. Wakati kila kitu kingine kimekauka, kitalu ndicho kitu cha kijani peke yake kijijini. Kila mwenye mdomo hukiona. Kuku hufukua mchanga kutafuta wadudu. Mbuzi huvunja ua. Paa wadogo hushuka usiku kutoka vichakani. Mchwa hupita chini kwa chini na kula mizizi. Na katika joto la Septemba huja utitiri mwekundu, mdudu asiyeonekana vizuri kwa macho, anayefyonza majani ya mukau hadi yageuke rangi ya kutu.

Mwaka ambao mawingu yalidanganya

Yote niliyokueleza hadi sasa ni shida za mwaka wa kawaida. Mwenye kitalu anazijua na amejiandaa. Kinachomvunja mgongo ni mwaka ambao amefanya kila kitu sawasawa, Novemba ikafika, na mvua haikuja.

Wazee wa Ukambani huhesabu historia kwa majina ya njaa. Ile ya 1961 huitwa ya ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuja iliyoitwa nikw'a ngwete, nitakufa nikiwa nimeshika: watu walikuwa na pesa mkononi lakini dukani hapakuwa na unga. Na kizazi cha sasa kimeona yake. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka arobaini.

Fikiria sasa hali ya kitalu katika misimu kama hiyo. Miche ya mukau imesimama, afya tele, majani yanang'aa. Umeivusha baridi, umeivusha jua, punda amekonda. Mnunuzi haji. Atanunua mti apande wapi, katika vumbi?

Mche haungoji kama shati dukani. Kila wiki mizizi yake hurefuka, hutoboa mfuko na kuingia ardhini. Ni lazima uinuliwe na mizizi ikatwe, vinginevyo siku ya kuung'oa utakufa. Mizizi ikijizungusha ndani ya mfuko kama uzi kwenye kibonge, mti utakaotoka hapo hautasimama vizuri maisha yake yote. Mwenye kitalu ana njia tatu. Anaweza kuendelea kuteka maji miezi mingine mitano, akiihamisha miche kwenye mifuko mikubwa zaidi, kwa pesa ambazo hakuzipata. Anaweza kuigawa bure kwa shule na makanisa, wajaribu bahati yao. Ama anaweza kuacha kumwagilia.

Wako walioacha. Mtu asiwalaumu. Maji yale waliyapa watoto.

Na wako walioendelea, pengine si na miche 5,000 bali na mia tatu iliyo bora, iliyosogezwa karibu na nyumba, chini ya kivuli cha ukuta, ikinyweshwa kwa kikombe. Hao ndio walioitwa kwa simu mwisho wa 2023. Mvua za El Nino ziliporejea mwezi wa Oktoba, kila mtu alitaka mti kwa wakati mmoja. Serikali, ambayo Desemba 2022 ilikuwa imezindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, ilitangaza Jumatatu ya Novemba 13, 2023 kuwa siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti. Rais William Ruto mwenyewe aliipandia miti Makueni, kwenye ardhi oevu ya Kiu. Wenye miche waliuza.

Lakini El Nino, kama wanavyokumbuka wale walioiona ya 1997, haina kadiri. Mvua iliyongojewa kwa miaka mitatu ilishuka kama iliyomwagwa kwa ndoo. Mito iliyokuwa mchanga ikawa mito kweli, na vitalu vilivyosogezwa karibu na maji wakati wa ukame vikajikuta ndani ya maji. Mifuko ya miche ilielea. Nakuachia wewe mwenyewe uamue kama hapo mtu anacheka au analia.

Ukienda kununua

Huenda nawe una kiwanja mahali, Kitengela, Joska au nyumbani kwa wazazi Wote, na unafikiria kupanda miti Novemba. Nikusimulie kosa langu ili usilirudie.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua miche kumi kando ya barabara kuu. Nilichagua mirefu kuliko yote, yenye majani laini ya kijani kibichi, nikajiona mjanja. Njiani niliipakia juu ya gari bila kuifunika. Niliipanda siku mbili baadaye, saa saba mchana, pamoja na mifuko yake, kwani nilidhani mizizi itatoboa yenyewe. Ilibaki mmoja, na huo mmoja mbuzi wa jirani aliumaliza Krismasi.

Sasa najua. Usifuate urefu. Tazama shina: liwe nene na gumu, rangi yake imeanza kuwa ya kahawia, na mche uwe karibu na urefu wa futi moja au zaidi kidogo. Inua mfuko uangalie chini yake. Ikiwa mzizi mnene umekatika hivi punde, mche huo ulikuwa umeshika ardhi na utateseka. Ukinunua mwembe, tafuta kovu la kuunganishwa na uulize kijiti kilitoka kwenye mwembe gani. Ukinunua mukau, uliza mbegu zilitoka wapi. Muuzaji wa kweli atakusimulia hadi uchoke. Wa uongo atataja bei.

Ondoa mfuko kabla ya kupanda. Panda jioni. Acha shimo liwe na beseni kidogo la kukusanya maji, tandaza nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa, na usipande mukau mahali maji yanaposimama, kwani mti huo huvumilia kiu kuliko matope. Weka ua. Nimesema weka ua.

Na jambo moja zaidi: agiza mapema. Mwenye kitalu anayejua mwezi wa Agosti kwamba miche mia mbili ina mwenyewe huko Nairobi, ambaye ametuma hata malipo ya nusu kwa simu, ana sababu ya kumwamsha punda saa kumi na moja alfajiri. Asiyejua hufanya kwa imani tu.

Wakati unaposoma haya pengine ni Septemba au Oktoba. Ikiwa ni hivyo, saa hizi, upande ule wa Kitui na Makueni, mtu anapita katikati ya vitalu na mkebe uliotobolewa matundu kwa msumari, anahesabu miche iliyobaki. Mara kwa mara anasimama na kuangalia upande wa mashariki, ambako mawingu ya vuli huanza kukusanyika alasiri kisha hutawanyika. Jana yalitawanyika. Anainama, anachota tena, anaanza mstari unaofuata.